Pua Nyeupe

Graciete, anayetufundisha kila Alhamisi
katika shule iliyoishiwa na watoto,
alisema: leteni chochote kinachoshika.
Nikaleta boksi la samaki wa chumvi nililolikunjua,
mkaa wa mzabibu, gundi ya unga wa ngano,
kipande cha gunia, mashapo ya mvinyo wa Belarmino,
na gazeti la Machi lenye jina lake
katika ukurasa wa tanzia.

Nilitaka kumtengeneza punda, si mume.
Farrusca: kwetu maana yake aliyepakwa masizi.
Miaka ishirini na sita tulipanda pamoja matuta ya zabibu
juu ya mto Douro. Wasemao shukrani za punda ni mateke
hawakumjua huyu.

Basi nikamjaza weusi. Weusi juu ya weusi:
gunia mgongoni, mashapo tumboni,
masizi ya sufuria hadi ncha za masikio.
Likatokea shimo lenye miguu minne.
Etelvina akauliza kama ni jiko.
Nikacheka, halafu sikucheka tena.

"Mwanga unatoka wapi?"
Graciete huuliza kama polisi.
Nikamwonyesha dirisha.
"Si huo. Wa kwake."

Ikabidi nikumbuke.
Saa mbili asubuhi, mlango wa zizi kushoto,
jua la Januari likiingia kama mdeni,
polepole, limeinama.
Shingo ilikuwa na upande wa kuonekana
na upande wa kujisitiri.
Manyoya ya mbavuni yalishika mwanga nchani tu,
huku chini yakilinda usiku wao.

Nikalichana gazeti.
Penye herufi chache pakawa bega,
penye herufi zilizosongamana pakawa jioni ya tumbo.
Lile jina nililikwepa mara tatu.
Mwisho nikalibandika chini ya kwato,
nikalisugulia mkaa, lisomeke na lisisomeke,
mahali kivuli kinapomshika mnyama asielee.
Hapo ndipo Farrusca aliposimama.
Kabla ya hapo alikuwa ananing'inia.

Ikabaki pua. Pua yake ilikuwa nyeupe,
kama aliyechungulia ndani ya gunia la unga,
nami nilikuwa nimeshaizika.
Nikaomba rangi. Graciete akanimegea mkate.
"Futa kwa huu. Zamani hakukuwa na raba."

Nikafinyanga tonge, nikaligusisha.
Giza likabanduka.
Nikagusa tena, kiganja bapa,
kidole gumba kimekunjwa ndani asije akaking'ata,
kama kila asubuhi.
Pua ikaja. Kisha duara jeupe kuzunguka jicho,
na ndani ya jicho sikugusa kitu.

Tonge likawa jeusi mkononi mwangu.
Litupe, akasema Etelvina, utachafua nguo.
Lipo mfukoni mwa aproni,
pamoja na ufunguo wa zizi.