Mizani ya Jikoni, Kars

Daktari Feride alichora nyuma ya risiti:
kaboni katikati, kama mtu aliyesimama mlangoni,
huku amino, kule kaboksili,
haidrojeni begani,
kisha mkia. "Mkia ndio tabia," alisema.

Ipo mikia inayoyakimbia maji, hujikunja ndani kabisa.
Ipo inayoyapenda.
Hii ina asidi, ile ina besi,
aina ishirini zinazoshikana mkono kwa mkono,
na kila zinaposhikana, maji hutoka.

Moja mkia wake umebeba pete ya kaboni sita.
Fenilalanini.
Nililirudia jina hilo basini, theluji yote ile,
kama jina la mkwe nisiyemtaka.

Sevgül wangu hana kimeng'enya cha kuigeuza.
Ikizidi, hupanda ubongoni.
Ikikosekana, hakui, maana mwili hauiundi,
sharti itoke mezani.
Basi napima. Viazi, gramu sitini.
Mkate wa ngano, la.
Nami, mgandisha maziwa, binti wa mgandisha maziwa,
nanawa mara mbili kabla ya kumsuka nywele.

Jana alikwangua kwa ukucha jibini la miaka miwili,
akainua chembe nyeupe dirishani.
"Chumvi?"
Tirosini, nikamwambia. Ile mwili wako usiyoweza kuitengeneza.
Akaitazama sana.
"Kwenye unga wangu ipo?"
Ipo.
Akairudisha chembe juu ya jibini,
akabana pua,
akanywa kikombe chote.