Wiki ya Sita

Jedwali la somo lilitaka malengo,
saa za darasani, marejeo.
Nikajaza: dansi, taarabu, kwaya, singeli,
wiki kumi na tano, kila moja na kisanduku chake.
Ya sita ikagoma.

Upepo wa Agosti Dodoma haubishi hodi.
Nikapangusa vumbi mezani, nikamtumia Sechelela,
kule chuo cha ualimu, Mpwapwa:
chukua, tumia, kata panapokukera.

Akakata. Alifuta neno "athari" mara saba.
Akampa Mwaluko wa Manyoni, naye akapachika ilimba,
singeli akaisogeza kabla ya chakula cha mchana,
maana "wakishashiba hawabishani."
Somo likanirudia kama suruali iliyopita kwa mafundi wawili,
likinikaa vizuri kuliko nilivyolishona.

Na katika kisanduku kitupu,
maandishi mekundu ya Sechelela:
*Kila mmoja alete wimbo
ambao mama yake huuimba
akidhani hasikiki.*

Kamati ikauliza, marejeo je?
Nikaandika: Akina mama. Hakuna tarehe.

Wiki ya sita Chilewa akaweka simu mezani.
Ungo wa uwele, shwa, shwa.
Jogoo. Mtu anakohoa.
Kisha kiitikio cha dansi la zamani, nusu tu,
penginepo amesahau, ameziba kwa Kigogo.

Feni ikaendelea kulalamika peke yake.
Nikafungua karatasi ya alama:
safu ya hoja, safu ya ufasaha.
Nikarudisha kifuniko cha kalamu.

Usiku nikawaandikia Mpwapwa na Manyoni:
hii ya sita, tuipe wiki mbili.