Soli

Marekani sijafika. Naijua kwa chini,
kwa upande ambao mwenye kiatu hauangalii.
Hapa Makoroboi, ubavuni mwa duka la vitenge la Mama Kalunde,
nina sindano, nta, gundi na kipande cha tairi la Skania,
na watalii wanaosubiri gari la Serengeti
huniletea viatu vilivyoachama.

Mzee wa Chikago alivua kimoja, akabaki na soksi yenye bata.
Soli ina michirizi myeupe. Chumvi, akasema;
huko huimwaga barabarani wakati wa barafu.
Nikamwita Mhoja muuza vocha aje asikie:
kuna mji unaunga barabara kama mchuzi!

Vya Nyu Yoki huisha mbele, kwenye vidole.
Watu wale hawatembei, wanachomoka.
Nimebandua humo bigijii ngumu kama kokoto,
imekanyagwa, nadhani, na wilaya nzima.

Dada wa Losi Anjelesi: kiatu cha miaka mitano,
chini kipya kama ulimi wa mtoto.
Cha kulia tu, penye dole gumba, pameng'aa.
Pedali.
Nikamuuliza, mtaani kwenu mnasalimiana wapi?
Akafikiri sana.
Kwenye taa nyekundu, akasema. Kupitia kioo.

Wa San Fransisko visigino vimeliwa kwa nyuma,
sawasawa na vya manesi wanaoshuka kilima cha Bugando
huku wakijizuia. Huyo nilimpunguzia mia tano.

Na yule wa Nyu Olinzi, soli imesagika duara, katikati,
kama mcheza bugobogobo aliyevaa viatu kwa bahati mbaya.
Akaniambia kwao hata maiti husindikizwa kwa tarumbeta
na majirani hutoka vibarazani, wakaifuata.
Huo mji ningeuelewa bila mkalimani.

Basi nimekuwa mtaalamu.
Mwalimu Lubango alipopata mwaliko wa wiki tatu
alipita kwangu kabla ya kwenda kuulizia viza:
Fundi, mji gani unafaa kutembea?
Nikamjibu huku nimebana misumari kwa meno.
Hakunielewa. Alilipa hata hivyo.

Minza, mtoto wa dada yangu, naye alikwenda kutembea.
Ndivyo tulivyosema hapa mtaani: amekwenda kutembea.
Hiustoni, miezi miwili.
Nilimshonea raba zake nyeusi kwa uzi wa nyavu,
uzi unaomvuta sangara wa kilo thelathini.
Miezi ikawa mwaka, na nusu nyingine.
Kwenye simu alikuwa anacheka:
Mjomba, huku nimetembea mpaka nimechoka.

Juzi amerudi. Ameleta raba zile zile.
Nikazigeuza, mazoea tu, sikuwa na nia mbaya.
Mbele hazijaguswa.
Visigino vimezama vyote viwili, kina kimoja,
na mafuta ya kukaangia yameingia hadi kwenye mshono wangu.
Mtu hafiki hapo kwa kutembea.
Nilizifahamu mara moja. Ni raba za wasichana wa kiwanda cha minofu,
wale wa Igogo, zamu ya usiku, juu ya saruji iliyolowa.
Miaka yote naletewa raba hizo
na sikujua kwamba ni mtaa mmoja.

Mama yake alikuwa amekuja na chupa ya chai.
Si ulitembea lakini, mwanangu? Uliona majengo?
Niliona, mama.
Macho ya Minza yakaja kwangu, yakashuka kwenye mkono wangu,
nao mkono ulikuwa bado umeshika soli, juu chini.

Nikachukua tairi. Nikakata nene.
Nikagonga zaidi ya ilivyohitajika, ili pasisemwe kitu.
Jumapili, nikasema, twende hadi kivuko cha Kamanga,
polepole, tule karanga, tuhesabu wanaoshuka.
Akaitika. Akavaa.
Akabaki amesimama hapo mbele yangu, mikono imelala tumboni,
kama anayesubiri mtu aagize.

Nikainuka, nikampisha kigoda.
Kaa kwanza, Minza.