Kufumua

Fundi Musembi alitaka elfu sita
na miezi minne ya kumfagilia kibanda.
Nilikuwa na mia mbili.
Nikaenda Gikomba alfajiri, marobota yakifunguliwa,
nikanunua koti: la kijivu, zito, limeliwa na nondo begani.
Chenji nikanunulia wembe.

Shauri Moyo, chumba nambari tisa,
nikalilaza kitandani kama mgonjwa
nikaanza kulifumua.

Uzi, kisha uzi.
Mkono wa kushoto ukatoka. Kola ikatoka.
Bitana ikateleza sakafuni kama maji.
Kila kipande nilikipiga pasi, nikakitandaza juu ya gazeti,
nikakichora mzingo wake
katikati ya bajeti na matangazo ya vifo.

Ndani mlikuwa na mengi asiyoyajua aliyelivaa:
kitambaa kigumu cha gunia nyuma ya kifua,
ndicho kilichokuwa kikimsimamisha wima;
mishono mirefu ya mkono, myeupe, imelala mshazari;
na chini ya kola, pasipofika jicho,
mtu alikosea,
akarudia,
akaficha.

Nilicheka peke yangu.
Ni hapo nilipoanza kumwita mwalimu.

Cherehani ilikuwa ya kukodi, kwa saa, usiku, stima ikirudi.
Koti langu la kwanza nilipishanisha mikono:
ukilivaa, viwiko vinatazama mbele kama magoti.
La pili lilibana kwapani. Kerubo wa chumba cha sita
alilivaa kanisani, na siku hiyo
hakumwinulia Mungu mikono hata mara moja.
La tatu silisemi.

Asiyefunzwa na mamaye, hunena, hufunzwa na ulimwengu.
Mimi nilifunzwa na koti,
nyuma kwenda mbele,
kama anayejifunza kusoma kuanzia kwenye nukta.

Jana Musembi alisimama mlangoni pangu.
Hakusalimu. Alipindua ukingo wa kazi ya mteja,
akapitisha kidole polepole, akarudi alikoanzia.
"Nani alikuonyesha mshono huu?"

Nikatafuta jina. Sikuwa nalo.
Nikamwonyesha wembe dirishani, umeshika kutu.
Akadhani namtania.

Leo nimekosea kidogo, chini ya kola.
Nimerudia.
Nimeficha,
lakini si sana.