Daftari la Funguo, Bweni Namba Nne

Saa tano usiku nafunga mlango wa chini.
Nje ni nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeketi juu ya Ulaanbaatar
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kulabu sitini na nne ukutani, mimi kitini,
daftari magotini, kalamu imefungwa kwa uzi
maana wasomi hawa wangeiba hata kalamu ya malaika.

Mia mbili na tatu: Yesui, udaktari wa mifugo.
Hununua paja la kondoo sokoni,
hulipasua, hulishona, hulifumua, hulishona tena,
kisha hulichemsha. Wenzake hula
wakitema nyuzi.

Mia mbili na tisa: Tuguldur, sheria.
Alichelewa dakika nne, akaniandikia waraka wa kurasa tatu
kuthibitisha kwamba saa yangu haina mamlaka.
Niliusoma wote. Nikamwonyesha koma moja aliyoikosea.
Akasimama nje dakika nne nyingine, kwa heshima ya koma.

Mia tatu na moja: Khongorzul, jiolojia.
Rafu yake imeanguka mara mbili kwa uzito wa mawe.
Baba yake alichimba makaa Nalaikh hadi kifua kikakataa;
yeye anataka kuyajua mawe
bila kuyadai chochote.

Mia tatu na saba. Dulguun. Uhasibu,
ndivyo ilivyoandikwa.
Lakini usiku nasikia msasa ukipita juu ya mti,
swi, swi, swi,
anachonga zeze la kichwa cha farasi,
na unga wa mbao unatoka chini ya mlango
kama siri iliyochoka kukaa ndani.
Mama yake hunipigia simu kila Jumapili:
"Hesabu zake zinaendaje?"
Zinaenda, nasema.
Sisemi zinaenda wapi.

Kisha usiku ule wa Januari bomba la joto likapasuka.
Maji ya moto, mvuke, kelele, ndala zinaelea.
Ganzorig, uhandisi wa maji, mwaka wa nne,
akachora mchoro. Mchoro mzuri, una mishale.
Tuguldur akauliza ni nani anayewajibika.
Koki ilikuwa chini ya ngazi, ndani kabisa,
nyuma ya magodoro mabovu.
Mtaka cha mvunguni huinama; Yesui alilala kifudifudi,
akapitisha mkono hadi begani, macho kafumba,
akipapasa
kama alivyofundishwa kumtafuta ndama,
akasema: "Nimempata."
Maji yakakoma.

Tulikesha chumbani mwangu, watu thelathini na kitu,
chai ya maziwa na chumvi ikizunguka kwa bakuli tatu.
Ganzorig aliukunja mchoro wake, akaukunja tena,
hadi ukawa mdogo kama tembe.
Ndipo Khongorzul, kinywa kimejaa biskuti:
"Na wewe, mama Gerelmaa, ulitaka kusoma nini?"
Miaka kumi na tisa nashika funguo za watu.
Hakuna aliyewahi.
Nikalitafuta jibu kama mtu anayepapasa swichi ya taa
katika nyumba aliyohama.
"Ramani," nikasema,
nikainuka upesi kuongeza maji.

Sasa ni Machi. Barafu ya kizingitini inalia mchana, inaganda usiku.
Nyuma ya kulabu imebandikwa ramani,
Khongorzul kaitoa idarani kwao, sijauliza vipi:
si ya miji wala barabara, ni ya umri wa mawe.
Nilipozaliwa pana zambarau.
Karakana ya reli nilikofanya kazi, kijivu tu.
Huwa nainua funguo moja moja
nione kilicho chini yake.

Kulabu ya mia tatu na saba haina kitu.
Aliurudisha ufunguo mwenyewe, wiki moja kabla ya mitihani,
zeze mgongoni limefungwa kwa blanketi,
akatia sahihi. Penye "sababu ya kuondoka"
aliacha wazi, nami sikumdai.

Leo Jumapili. Simu imelia.
Nimeiacha ilie mara sita.
Kisha nimeipokea,
na nimeanza na hali ya hewa.