Chumba cha Mizani

Miaka kumi na mmoja tulisomea chumba cha mizani:
rafu tano, mabenchi mawili, dirisha lisilofunga,
na ng'ambo ya ukuta kiwanda cha mafuta ya karanga
kimelala, mlango wa bati umetiwa mnyororo.
Watoto wa Kongwa walijipima kabla ya kusoma:
kilo ishirini na tisa, pamoja na kamusi.

Mwaka huu ukuta umevunjwa.
Si wote. Fundi Lechipya ameuacha hadi kiunoni,
eti jengo lisisahau lilipokatwa.
Vumbi lilitoka siku tatu, jekundu, kisha la kijivu,
kisha harufu:
karanga. Baada ya miaka yote ile, karanga,
kana kwamba kuna mtu anakaanga nyuma ya rafu.

Tumepaka chokaa mara mbili.
Bado, saa nane mchana, jua likigonga bati,
kuta hutoka jasho la mafuta
na riwaya za rafu ya chini hupata madoa
ambayo simtozi mtu faini.

Kinu cha kukamulia kimebaki katikati ya ukumbi.
Trekta lilikivuta, likakata kamba.
Sasa meza za darasa la nne zimekizunguka,
na parafujo yake ni ndefu kuliko msomaji yeyote.

Nyuma yake, chini ya magunia yaliyooza,
tulikuta daftari la mishahara.
Jina, siku, shilingi,
na badala ya sahihi, dole gumba la wino wa zambarau,
ukurasa baada ya ukurasa,
kama zabibu zilizoanikwa.
Namba thelathini na nne: Chilewa Mbogoni, mkamuaji.
Babu yangu.
Nikaweka dole langu juu ya lake.
Lake lilikuwa dogo. Sikutegemea hilo.

Kazi yangu ni kuvipa vitabu namba.
Historia? Hesabu? Kilimo?
Wiki nzima nililihamisha rafu hadi rafu
kama mgeni asiyejua atalala wapi.

Alhamisi, Nyemo, binti wa muuza mkaa,
alilikuta mezani kwangu, akalifunua,
akapitisha kidole polepole kwenye yale madoa,
mstari kwa mstari, midomo ikicheza.
"Hawa wote," akauliza, "ndio walioandika?"

Kadi yake nilishaijaza kwa wino: Haliazimwi.
Nikaichana.
Nikamuuliza kama mikono yake ni misafi.
Akaangalia mikono yake.
Akasema, "Kiasi."