Pete ya Tisa

Barafu iliuangusha mforsadi, Januari,
ukalalia uzio wa Orpha Stidham, dobi,
aliyeulaani miaka yote kwa kumtia zambarau
mashuka meupe ya hoteli.
Huku Missouri barafu hukaa matawini kama deni.
Teague akaja na kabari tatu na nyundo.
"Gogo hili," akasema, "mtu asikwambie ni kuni."

Likapasuka kwa sauti ya shati kuukuu;
ndani njano, bizari tupu.
Ncha tukazipaka rangi iliyobaki ya mlango,
vipande viwili tukavilaza darini.
Samaki mkunje angali mbichi, sawa,
lakini mti si samaki:
mti hungojwa usahau maji
ndipo uombwe kukunjika.
Tulingoja miezi kumi na sita.

Kiwandani nakata bata mzinga kumi na wanane kwa dakika
macho yangu yakiwa kwenye saa.
Hapa, na kisu cha mikono miwili,
pete moja ya mti ilinila mausiku matatu.
"Ya tisa toka gome," alisema Teague, mate kidoleni,
"mwaka lilipoungua basi langu la shule, namba sita.
Hakukuwa na mtoto ndani.
Fuata mwaka huo ncha hadi ncha,
usiuvuke."

Niliuvuka.
Unene wa ukucha, karibu na fundo,
na sikujua mpaka upote ulipofika inchi ishirini
karakana nzima ikalia ta!
Hakusema pole.
Aliokota vipande, akanionyesha pale,
akavisukumia jikoni, akateleka kahawa.
"Sasa ni kuni."

Kipande cha pili nilikiogopa.
Fundo nikalizunguka kama mtu anayempisha mgonjwa,
nikaliachia nyama pande zote.
Ukutani kapi na kamba; yeye avuta, mimi natazama
mkono wa kushoto umenuna, wa kulia unatii.
"Kwangua pasipopinda.
Panapopinda pana kazi tayari, paache."
Tupa. Kigae cha chupa. Msasa.
Unga wa njano nyusini, ndani ya mkate wangu,
hata kwenye sikio la mbwa.

Mizani ikasema ratili arobaini na moja.
Nilitaka hamsini.
"Tisa ulizikwangua Jumanne," alisema,
akanipa mshale.

Mshale uliliacha robota la nyasi
ukachoma mlango wa gari lake,
ukatikisika pale kwa muda kabla ya kutulia.
Sote wawili tulikwenda kuutazama.
Teague alipitisha kidole kwenye tundu,
akapima kina, akaguna,
na guno lile bado sijalielewa vizuri.

Nyuma ya uzio kisiki kimetoa machipukizi saba,
membamba, kijani, yamenyooka.
Orpha anataka yakatwe kabla ya mashuka ya kiangazi.
Nimemwomba angoje.
Ameniuliza, pini za nguo mdomoni,
mpaka lini.